Maji Juu ya Mbolea

Asubuhi mume wangu Musab alipotolewa nyumbani akiwa mgonjwa, alibebwa juu ya kitanda cha kamba hadi bandarini Mtangawanda, na kandambili zake zikabaki mlangoni. Niliziona watu walipokwisha kuondoka. Nikaziweka ndani, nikijua atazitaka akirudi. Alirudi kutoka hospitali ya Lamu akiwa amevishwa sanda, tukamzika hapa Mbwajumali.

Daktari alisema ni vijidudu vilivyoingia kwenye damu. Kijijini walisema ni najisi. Mume wangu alikuwa wa kwanza kuchukua mbolea ya majitaka kutoka mradi mmoja upande wa Mokowe. Ni tope la vyoo, lililotibiwa na kukaushwa mpaka likawa kama udongo mweusi, linakuja na boti ndani ya magunia. Swafiya, jirani yetu, alikuwa akimtania akipita: "Bwana Musab, leo umeiletea minazi chakula cha choo gani?"

"Mnazi hauna pua, Bi Swafiya," Musab alimjibu. "Wewe ndiye mwenye pua, na madafu utayanywa."

Alipokufa hakuna aliyetania tena. Mimi nilikuwa ndani, kwenye eda, na kila aliyekuja kunipa pole alitaja ile mbolea kwa sauti ya chini. Nilitaka kujua jambo moja tu: ni kweli ndiyo iliyomuua?

Aliyekuja kulitafuta jibu ni Cherotich, msichana wa bara anayefanya kazi katika maabara ya mradi ule wa mbolea. Kwa kuwa ni mwanamke, aliweza kuingia hadi nilipokaa. Alijitanda leso, akavua viatu. Alikuwa ametoka shambani kwetu kuchota mbolea kwenye rundo la Musab, na kabla ya hapo alichota kwenye magunia ya ghala ambayo hayajafunguliwa.

"Utavionaje vijidudu ndani ya udongo?" nilimuuliza.

"Sivitafuti kwa macho, Bi Radhiya. Kila kijidudu kina kitu ndani yake kinachoitwa DNA, kama maandishi ya ukoo wake. Natafuta maandishi hayo. Shida ni kwamba hata kilichokufa huyaacha nyuma. Kwa hiyo kuna dawa tunayotia kwanza, inaziba maandishi ya vilivyokufa. Yanayosomeka baada ya hapo ni ya vilivyo hai."

Akaondoka na vichupa vyake ndani ya kasha la barafu.

Aliporudi, mama mkwe wangu, Bi Mwanamkisi, alikuwa uani akikuna nazi na kukamua tui. Cherotich alikaa mkekani, akakataa chai.

"Magunia ya ghalani ni salama," alisema. "Ndani mna mabaki ya vilivyokufa tu. Lakini rundo la kwenu lina kijidudu kiitwacho salmonela, tena hai na kingi sana. Maandishi yake ni yale yale ya kile kijidudu kilichopatikana katika damu ya marehemu."

"Si mbolea ni moja?"

"Ni moja. Ikikaa kavu, vichache vinavyobaki hulala na kufa. Ikilowa tena na kupata joto, vinaamka na kuzaana. Rundo lenu nililikuta limelowa chini ya makuti, na mvua haijanyesha. Kuna mtu aliyelimwagia maji?"

Mbuzi ya nazi ilinyamaza uani.

Nilijua. Mama mkwe hakutaka mwanawe ashike uchafu wa watu kwa mikono kisha aende msikitini. Alimwambia aipitishie mbolea maji kwanza. Musab alimjibu, "Mama, kitu hiki hakitohariki kwa maji." Lakini kila baada ya sala ya alasiri alikwenda kuimwagia, ili kumtuliza moyo, kisha akaichota kwa mikono kuitia kwenye mashina.

"Ilimwagiwa," nilisema. Nikaishia hapo.

Bi Mwanamkisi alisimama mlangoni, tui likimchuruzika vidoleni.

"Mimi ndimi niliyemwambia, mwanangu. Usinifichie. Nlitaka awe safi."

Cherotich aliinama. "Mama, gunia halikuandikwa kwamba lisilowe. Hakuna aliyewaambia. Hilo ni kosa letu sisi, si lako."

Mama mkwe alikuja akakaa kando yangu, akanishika mkono, na mkono wangu nao ukalowa tui. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri.

Eda yangu imekwisha. Rundo la Musab limefukiwa mbali na kisima. Watu wanachukua mbolea tena, na magunia sasa yana maandishi makubwa: YASILOWE. Mawingu yakitanda, Bi Mwanamkisi hutoka kabla ya mtu yeyote, akaenda kuyafunika magunia kwa turubai.