Chaki kwenye Puli

Tangu alfajiri Baba Pacha hakutulia. Akishika spana anaiweka, akiiweka anaanza kuitafuta, kumbe iko kwapani. Saa nane mchana mkewe alitakiwa kupasuliwa macho katika hospitali ya mji wa pili, na zamu hiyo walikuwa wameingoja miezi saba. Basi la asubuhi lilishaondoka. Na fundi wa magari, kabla hajasafiri, alikuwa ameuchungulia mkanda wa taiming wa gari lao kuukuu, ule unaozifanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio, akatikisa kichwa: "Huu hauwafikishi."

Yeye ni mshonaji, si makanika. Lakini fundi alikuwa amemwachia mkanda mpya na kumwelekeza, naye akajipa moyo kwamba kipimo ni kipimo. Aliizungusha injini hadi pale alipoambiwa, akachora mistari ya kulinganishia kwenye puli, yale magurudumu ya mkanda, ya juu na ya chini, kwa chaki yake ya kukatia nguo, ndipo akauvua mkanda wa zamani. Mpya ukikosea jino moja tu, valvu zitagonga pistoni, na safari itaishia hapo uani.

Akaenda kunawa mikono. Aliporudi, Mama Pacha alikuwa ameinama kwenye injini na kitambaa, puli zinang'aa, na ya juu imeshazunguka kidogo. Miaka thelathini wameshona pamoja: mume anachora na kukata, mke anapangusa chaki.

"Alama zangu ziko wapi?"

"Alama gani?"

Hasira zikampanda hadi utosini. "Umetumaliza, mama! Saa nne hii!"

"Punguza kelele, majirani wana masikio." Vidole vyake vilikuwa bado vinatembea juu ya chuma. "Hapa pana kishimo. Na kwenye bodi ya injini pana kingine. Si ndivyo vinavyotakiwa kutazamana?"

Mumewe akasogeza uso. Kweli, vilikuwepo, alama za kiwandani, na yeye mwenye macho mazima hakuviona chini ya masizi. Wakavilinganisha, juu na chini, wakavisha mkanda. Akaizungusha injini kwa spana, raundi mbili. Hakuna kilichogonga. Akawasha, ikaitika.

Walipotoka getini, Mama Pacha aliuliza polepole, "Baba Pacha, hiyo mistari yako ilikuwa minene?"

Alikuwa ameichora minene kama kidole, nyeupe pe juu ya chuma cheusi.

"Myembamba sana," akasema. "Hata mimi niliiona kwa taabu."

Akakanyaga mafuta.