Dawa Ile Ile

Muuguzi Advera alipoitaja dawa kwa jina, mkono wa Shamimu uliokuwa ukimpepea mumewe kwa ncha ya mtandio ulisimama. Baraza ya zahanati pale Ipuli ilijaa wavuta sigara, kila mmoja na mtu wake wa nyumbani, wakielezwa utafiti. Dawa si mpya, Advera alisema. Miaka nenda miaka rudi imewatibu watu walioelemewa na huzuni. Sasa inajaribiwa kama itamsaidia mtu kuachana na sigara. Baadhi yao wangepewa dawa yenyewe, wengine vidonge visivyo na kitu, na hakuna ambaye angejua kapewa kipi mpaka mwisho.

Majidi, mumewe, fundi wa vitanda vya mninga, alikubali papo hapo. Kifua chake kilikoroma kama msumeno uliokwama kwenye fundo la mti. Alikipokea kidonge cha kwanza, akakimeza mbele ya wote, akajifuta midomo.

Jina lile Shamimu hakuwa amelisahau. Binti yao Rahaf alipofariki kwa homa, yeye alijilaza macho wazi, akawa hajui kuchwa wala kucha. Ndugu walimsomea dua, majirani wakaleta uji, na daktari akamwandikia vidonge. Havijafika hata nusu, Majidi akavichukua akavimwaga chooni. Mke wangu si mwendawazimu, alisema. Watu wangesema nini? Wala hakusema kwa ukali. Alisema kwa upole wa mtu anayekutoa mwiba. Shamimu akabaki shimoni, akapanda kwa kucha zake mwenyewe, mpaka alipoweza tena kukaa kwenye cherehani bila kulia. Watu wakamsifu kwa subira.

Walirudi kwa miguu. Majidi alichangamka, akiwasimamisha watu njiani kuwaambia amechaguliwa. Walipopitia karakanani kwake, mafundi wenzake walimpongeza, na mmoja wao, Nurdini, akauliza hasa dawa yenyewe ni ya nini.

"Ya kisasa," Majidi alijibu. "Inafanya kazi kichwani."

"Ni ya huzuni," Shamimu alisema.

Randa zikanyamaza. Hakuwa na desturi ya kuzungumza pale.

"Ndiyo ile niliyoandikiwa mimi. Ile uliyoimwaga chooni."

Majidi alijaribu kucheka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yale yalikuwa mengine, yeye anaumwa sigara. Tena huenda alichopewa ni kile kisicho na kitu.

"Kina kitu, hakina kitu, hukuona haya kukimeza mbele za watu," Shamimu alisema. "Wewe unaumwa sigara, Majidi. Mimi nilikuwa naumwa mwanangu."

Nurdini akainamia ubao wake. Majidi alipeleka mkono kwenye mfuko wa shati ilikozoea kukaa pakiti, akakumbuka, akautoa mtupu. Shamimu alimwona, na kwa mara ya kwanza hakumwonea huruma. Kile alichosifiwa miaka yote hiyo hakikuwa subira. Kilikuwa hasira iliyokosa ruhusa.

Usiku ule hakupata usingizi, kama ambavyo hakuupata enzi zile. Asubuhi alivaa baibui. Majidi alikuwa amekaa ukumbini na kikombe cha maji, akikitazama kidonge kiganjani kama mtu aliyepewa cha mwenzake. Akamwuliza anakwenda wapi.

"Hospitali."

Majidi akasema ngoja avae viatu amsindikize. Sauti yake ilikuwa ndogo. Zamani sauti ile ingetosha kumrudisha Shamimu jikoni.

"Meza dawa yako," alisema. "Usiikatize. Mimi nakujua kukatizwa."

Akatoka. Hakugeuka kutazama kama anafuatwa. Penye kona alimwamkia Bi Semeni, mzee wa jirani aliyekuwa akifagia mbele ya nyumba yake, naye baada ya marahaba akamwuliza ni wapi mapema hivyo.

"Kwa daktari wa huzuni," Shamimu alisema, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara.