Mbao za Jukwaa

Mtaro ulikuwa umezidi kimo cha mtu na kuta zake zilikuwa zikimeguka. Koplo alifinya donge la udongo kiganjani, likamomonyoka. Mahandaki aliyachimba miaka minne vitani, na huko hata kuruta alijua kwamba udongo wa namna hii hauaminiki bila mbao. Hapa, kwenye mradi wa maji, waliuita mtaro wa bomba, kana kwamba jina la amani hupunguza uzito wa udongo.

Chini alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Koplo ndiye aliyemtafutia kibarua hiki. Kijana alipenda kutania kwamba siku akifa wasisumbuke, kaburi ameshajichimbia. Wenzake walicheka. Koplo aliogopa.

Alipomfuata msimamizi, aliambiwa mbao zipo, ila zimejengewa jukwaa la mgeni rasmi atakayekuja mchana. Wavumilie.

"Mzee, kazi hii ni vita," msimamizi alisema. "Sote tuko handaki moja."

Koplo aliangalia viatu vya msimamizi. Vilikuwa vinang'aa.

"Basi shuka, kamanda."

Msimamizi akamgeuzia mgongo. Koplo akachukua nyundo, akaenda kulibomoa jukwaa. Mwanzoni wenzake walidhani mzee amechanganyikiwa. Kisha mmoja akashika ncha ya pili ya ubao, na baada ya saa moja kuta za mtaro zilikuwa zimeshikiliwa. Kwa mara ya kwanza wiki ile, Koplo alishusha pumzi.

Polisi wawili walifika kabla ya mgeni. Kosa lilikuwa kuharibu mali ya mradi. Koplo alinyoosha mikono afungwe pingu, akaomba jambo moja tu: mbao zisiguswe kabla vijana hawajatoka. Shemeji alisikia, akapanda juu na koleo lake, wengine wakamfuata. Mbao zikang'olewa zirudishwe jukwaani. Msimamizi akawaamuru warudi chini, maana mgeni sharti awakute kazini.

"Hatushuki," shemeji alisema. "Mwambieni mgeni achimbe mwenyewe."

Msimamizi alipiga mluzi kuelekea getini, ambako watu walikuwa wakisubiri kibarua tangu alfajiri. Wakaja mbio. Wa kwanza alivua shati, akaruka ndani, akanyoosha mkono juu apewe koleo. Shemeji akakumbatia koleo lake, akamsihi atoke. Yule mtu alipiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono.