Wasio na Milango

Saa mbili asubuhi Remberto Colque alianza kupima mtaa wa maduka wa Hornillas, mjini Oruro. Chama cha wenye maduka kilimtaka aonyeshe mtaa ule unauletea mji faida gani, ili manispaa iweke lami na taa mpya. Mwenyekiti, don Wilson Arce, alitoa sharti moja: ahesabiwe mwenye mlango wa chuma tu. Wanawake wanaouza kando ya barabara hawana mlango, basi wapitwe.

Remberto akawapita. Muuza vitunguu, wa kwanza kurukwa, aliinuka kutoka kwenye kigoda chake akaning'inia hewani, kimo cha goti. Aliendelea kumenya. Kufika duka la vitambaa, wanawake wote wa upande ule walikuwa wanaelea. Walijifunga kwa kamba za sufu kwenye nguzo za umeme. Wateja walinyoosha mikono juu wakanunua kama kawaida.

"Angalau huku mbwa hawanifikii jibini," alisema mmoja.

"We bwana vipimo! Ukirudi nisogeze, jua limenihama!" aliita mwingine.

Walicheka sana. Remberto aliongeza mwendo.

Mbele ya duka la viatu alikaa mama yake, doña Eulogia. Aliuza api, uji wa mahindi ya rangi ya zambarau, na uji huo ndio uliomsomesha Remberto hadi chuo. Alikuwa bado yuko chini. Alimjazia bilauri, akasubiri anywe kidogo, kisha akamwongezea yapa, ile nyongeza ya bure anayopewa mtu wako tu.

"Maliza, baba. Umekonda."

Don Wilson alikuwa nyuma yao. "Yapa kabla hujalipa? Huyu mama mnajuana?"

Remberto alitazama viatu vya dirishani.

"Hapana, bosi. Labda amenifananisha."

Doña Eulogia akapaa, na jiko lake, na sufuria yake. Alipita kimo cha wenzake, akapita roshani, akasimama kwenye nyaya za simu. Huko alivua shali akajifunga nayo, akakoroga uji usishike chini.

"Andika duka la viatu," alisema don Wilson.

Remberto akaandika.

Ripoti ilisifiwa. Lami ilikuja, taa zikaja, na chama kikaanza kuwatoza wanawake ushuru wa kufunga kamba kwenye nguzo. Remberto alipewa mitaa mingine apime.

Siku hizi hupita Hornillas akienda kazini. Husimama chini ya nyaya pamoja na wapagazi na walimu, zamu yake ikifika huinua mkono, na bilauri hushuka kwa uzi.

"Umeamkaje, mama?" aliuliza Remberto Jumatatu moja.

"Salama, bwana," alijibu doña Eulogia kutoka juu. "Ukimaliza usiondoke na bilauri. Kuna watu wanangoja."

Alikunywa upesi, uji ukamuunguza ulimi, akampisha mwenzake.