Sketi Iliyoungua

Dobi hasemi hapana. Mteja akija kudai suruali ambayo bado inachuruzika maji kwenye kamba, dobi humtazama usoni, akatabasamu, akamwambia: "Haijakauka vizuri. Njoo kesho." Nimeyasema maneno hayo kwa miaka tisa, kwa mabwana harusi na kwa walimu wanaosubiri wakaguzi, na sikuwahi kuona haya hata siku moja. Kila mtu anajua maana yake, na kila mtu hurudi kesho.

Lakini Jumamosi ile mimi sikuwa na kesho ya kumpa mtu. Jumatatu saa mbili asubuhi nilitakiwa niwe nimekaa kwenye dawati, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, kidato cha tatu, katika shule ya watu waliokatiza masomo. Masomo ni kutwa nzima, kwa hiyo huwezi kushika kitabu na pasi kwa pamoja. Mwalimu anayeandikisha alikuwa ameniambia kwamba nafasi yangu ataishika mpaka saa mbili na nusu, ikipita hapo anampa anayefuata, na wanaofuata ni kumi na wanne. Mdogo wangu wa kiume, niliyemlea mpaka akawa fundi bomba, alikuwa amenikalia kooni tangu mwaka jana. Zamu yako sasa dada, nyumba niachie mimi. Visingizio vyote nilikuwa nimeshavimaliza.

Tangu asubuhi nilikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Koti la daktari nililipiga pasi, nikalitundika, nikalitundua, nikalipiga tena. Nilitoka uani kushika nguo zilizokwisha kukauka, nikarudi ndani, nikapanga vibanio kwa rangi, kazi ambayo hakuna aliyewahi kuihitaji. Babu Povu, mfuaji wetu, alikuwa ameinama kwenye karo lake la saruji, mikono imezama hadi viwikoni, na kila nilipopita alinisindikiza kwa macho. Mwishowe akachoka.

"Mjukuu wangu, mtu akiaga mara moja ameaga. Akiaga mara sita huyo anazurura."

Nilimwambia ashughulike na soksi zake. Akacheka, maana hasira zangu pale zilikuwa zimeshazoeleka. Jina langu la kazini ni Kiberiti, na walionipa walijua kwa nini.

Aliyekuwa akiniumiza roho ni Mama Pasi, mwenye duka. Miezi miwili iliyopita nilimweleza kwamba narudi shule. Aliitikia "Haya," akaendelea kukunja shuka. Basi, mpaka siku hiyo hakuwa ameongeza neno. Hakuniambia nenda, wala hakuniambia baki. Angeniambia baki ningekasirika nikaenda, na angeniambia nenda ningelia nikaenda. Ukimya wake ndio ulionifanya niwe mguu ndani, mguu nje. Hata siku yangu ya mwisho alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, miwani puani, akitia alama kwenye kola za wateja kwa sindano na uzi kana kwamba Jumatatu ni Jumatatu tu.

Ukiniuliza niliachaje shule nitakwambia sketi iliungua. Ndio utani wa pale, wateja wote wanaujua. Nilikuwa na miaka kumi na saba, tulikuwa tumemzika mama miezi minne nyuma, na nilikuwa na sketi moja ya shule, ya bluu iliyokolea, yenye marinda. Mwalimu wa zamu alikuwa akiwarudisha nyumbani wasichana wenye marinda yaliyolala, na nyumbani kwetu pasi ilikuwa imekufa. Ijumaa nikaipeleka sketi kwa Mama Pasi. Jumatatu asubuhi nikapita kuichukua, begi mgongoni, nimevaa shati la shule na kanga kiunoni. Mama Pasi alikuwa amefunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono. Akaniambia, mwanangu, sketi yako imeungua, nenda urudi kesho nitajua la kufanya.

Sikwenda. Bila sketi shuleni singeingia, na nyumbani kulikuwa na kitanda cha mama kisicho na mtu. Nikaona rundo la mashati juu ya meza, nikaona mwanamke mwenye mkono mmoja mzima, nikaweka begi chini nikashika pasi. Kesho yake nikarudi. Kesho kutwa pia. Wiki ya tatu nikaacha kuulizia sketi. Wateja wakiniuliza nilikuwa nikisema: huyu mama aliniunguzia sketi, akanipa duka zima. Wote tunacheka, na Mama Pasi hucheka pamoja nasi.

Na nilipapenda, nisidanganye. Nilipenda harufu ya wanga ikikutana na moto, na mvuke unaokupiga usoni alfajiri kabla hujazungumza na mtu. Nilipenda kumtambua mtu kwa kola yake kabla sijamwona sura. Alama zote zilikuwa kichwani mwangu: nyota ya uzi mweupe ni mwalimu wa hesabu, mistari miwili myekundu ni seremala, duara la njano ni yule mjane ambaye bado analeta mashati ya marehemu kila mwezi tuyanyooshe. Hazikuwa zimeandikwa popote. Ndiyo maana saa saba mchana, nilipokuwa sina tena cha kushika, nikaamua kuziandika kwenye karatasi, moja moja, ili atakayekuja asije akamvalisha daktari suruali ya seremala.

Nilipomaliza rafu za chini nikavuta stuli nipande Gerezani.

Gerezani ni rafu ya juu kabisa, tunakofungia nguo zisizochukuliwa. Sina huruma na wenye nguo hizo. Mtu anayesahau nguo kwa dobi ataweza kumsahau mtoto stendi, ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wateja. Mama Pasi akainua macho kutoka kwenye sindano yake. Akasema niache, huko nyuma kuna panya. Miaka tisa alikuwa akiniambia huko nyuma kuna panya, na miaka tisa sikuwahi kusikia hata mmoja akikwaruza. Nikapanda.

Nyuma ya mablanketi, kwenye pembe, kulikuwa na furushi dogo lililofungwa kwa gazeti lililogeuka rangi ya chai. Kwenye kamba iliyolikaza palining'inia kipande cha kitambaa chenye alama: msalaba wa uzi wa kijani na nukta mbili. Sikuijua. Nikashuka nayo hadi kwenye mwanga, nikaigeuza. Kulikuwa na alama pale dukani ambayo mimi siijui, na jambo hilo liliniwasha kama upupu.

Nilimuuliza Babu Povu, akasema yeye ana miaka sita tu pale, nimuulize mwenye mji. Nikamwekea Mama Pasi furushi mapajani.

Sindano ikasimama. Alilitazama lile furushi muda mrefu mno kwa kitu cha kawaida, kisha akasema ni la mteja wa zamani, alihama. Nikamuuliza jina. Akasema amesahau. Huyu ni mwanamke anayekumbuka kifungo kilichopotea miaka mitano iliyopita, cha shati la nani, na kilikuwa na matundu mangapi.

"Lirudishe juu," akasema. "Nenda nyumbani ukapumzike. Jumatatu una shule."

Ndiyo mara ya kwanza kulitamka neno shule kwa miezi miwili. Nikamwambia siondoki mpaka furushi lipate mwenyewe. Nilimwambia kwa ukali, lakini ndani yangu, Mungu anisamehe, nilikuwa nimefurahi. Nilikuwa nimepata sababu. Nikaanza kupanga: Jumatatu nitapita nyumba za zamani nikiulizia, Jumanne nitamalizia upande wa pili, shule imesubiri miaka tisa haiwezi kushindwa kusubiri wiki. Yule mwalimu na watu wake kumi na wanne nilikuwa nimeshawasahau. Nikachukua mkasi nikakata kamba.

Ilikuwa sketi ya bluu iliyokolea, yenye marinda kumi na manne.

Wasichana wengi wa mji huu wamevaa sketi kama ile. Lakini ndani, upande wa kulia, kulikuwa na mfuko ulioshonwa kwa mkono kwa uzi mwekundu, kwa sababu siku aliyoushona mama uzi wa bluu ulikuwa umekwisha, na akaniambia nani atachungulia ndani ya sketi yako. Nilipitisha kidole kwenye ule uzi. Mshono wa mama ulikuwa ukipinda kila akikaribia pembe. Ulikuwa umepinda.

Niliitandaza mezani nikaanza kutafuta. Niliinua rinda moja baada ya jingine, mbele, nyuma, kiunoni, kwenye pindo. Nilipofika la kumi na nne nikaanza upya.

"Imeungua wapi?" nikauliza.

Babu Povu alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, povu likimdondoka sakafuni. Akarudi kwenye karo lake polepole.

"Mama, nionyeshe ilipoungua. Mimi sipaoni."

"Haikuungua," akasema.

Alivua miwani. Akaniambia kwamba wiki ile kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba, hakuweza hata kukamua kitambaa. Asubuhi ile nilipoingia alikuwa hajaikunjua sketi yangu, achilia mbali kuipiga pasi, na aliona aibu kumwambia mtoto wa shule kwamba dobi ameshindwa na sketi moja. Alitaka tu niondoke, nirudi kesho. Ulikuwa uongo wa dobi kama mwingine wowote.

"Ila wewe hukuondoka," akasema. "Jioni ile ningekwambia. Lakini ulikuwa umenyoosha mashati thelathini na hukuunguza kola hata moja. Mkono wako ulikaa kwenye pasi kama ulizaliwa nayo. Nikasema nitamwambia kesho. Na ilipofika kesho nikasema kesho."

Njia ya mwongo ni fupi, tunasema. Ya huyu ilikuwa na urefu wa miaka tisa, na mimi nilikuwa nikimsindikiza huku nikicheka.

Sikupiga kelele, ingawa kwa jina langu ungetegemea nipige. Nilijiuliza kwa haki kabisa: kama angenipa sketi yangu asubuhi ile, ningemaliza shule? Mama hayupo, mdogo wangu ana miaka tisa, ndani hamna mtu mzima. Labda ningesoma mwezi mmoja nikaacha. Labda miwili.

"Labda ningeacha tu," nikamwambia. "Lakini ningeacha mwenyewe. Na ule mwezi mmoja ulikuwa wangu, mama. Ulicheka kila nilipousimulia."

"Nilicheka," akasema. "Na ndiyo maana nilishindwa kukwambia nenda. Ningefungua mdomo kusema nenda, na hili nalo lingetoka."

Nikachomeka pasi. Sijui kwa nini, isipokuwa kwamba mezani kulikuwa na nguo iliyoletwa Ijumaa moja inyooshwe na bado haijanyooshwa. Kitambaa kizito cha bluu hakipigwi pasi moja kwa moja, kitang'aa kama kiwiko cha karani, lazima uweke kitambaa chenye unyevu juu yake. Nilipogeuka kukitafuta, Mama Pasi alikuwa tayari amekishika. Akakiweka. Akasimama upande wa pili wa meza akalishikilia pindo kwa mkono wake ule, ambao haukuwahi kupona sawasawa, nami nikapandisha pasi kutoka chini kwenda juu, rinda la kwanza, la pili, la tatu. Tulifanya kazi kama tulivyofanya maelfu ya siku, bila kugongana. Nilikuwa nimemkasirikia kiasi kwamba kifua kiliniuma, na nilijua kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayejua kunishikia pindo namna ile.

Kwenye rinda la mwisho akasema, bila kuniangalia:

"Jumatatu nenda. Ukija hapa nitakufungia mlango."

Nilichomoa pasi. Sketi isingenipita hata mapajani tena, lakini niliikunja ipasavyo, nikaifunga kwenye gazeti jipya, na kile kitambaa chenye msalaba wa kijani na nukta mbili nikakirudisha kwenye kamba. Kwenye karatasi yangu ya alama niliongeza mstari mmoja wa mwisho, nikaandika alama ile, na pembeni yake jina langu, lile la shuleni. Nikavua aproni nikaitundika. Babu Povu nilimpungia mkono kutoka mlangoni, naye akapunga kwa mkono wenye povu, mara moja tu.

Sisi wafanyakazi tulikuwa tukipita uani. Siku hiyo nilizunguka kaunta nikatokea mbele, wanapopita wateja, furushi langu kwapani. Nilikuwa nimefika kizingitini aliponiita.

"Mwanangu. Utanisamehe?"

Niligeuka. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, mahali pangu, mikono miwili juu ya mbao. Nilimtazama usoni kama alivyonifundisha kuwatazama watu.

"Haijakauka vizuri, mama," nikamwambia. "Njoo kesho."

Alijifuta macho kwa mkono wake mbovu, akaitikia kama wateja wanavyoitikia.

"Haya. Kesho."