Nyumba Iliyosubiri Kubomolewa

Emanikor alikuwa mtu wa vifaa. Kila kikombe na kila kigoda walichogusa waigizaji wa tamthilia moja ya televisheni kilipita kwanza mikononi mwake. Wiki hiyo walikuwa wakirekodi kwenye uwanja mtupu nje ya mtaa wa Kiwanjani, na yeye alipewa kazi ya kusimamisha nyumba ya Kiborana ya zamani, ya fito zilizopindwa na mikeka. Yeye ni Mturkana. Aliijenga kwa kufuata picha tatu kwenye simu.

Saa tisa alasiri, Kaltuma, mama wa Kiborana anayeuza maziwa ya ngamia mjini, aliwaletea maziwa ya kutumia kwenye onyesho.

"Salaam aleikum," alisema mlangoni. Akainama, akachungulia ndani, asiingie.

"Aleikum salaam, mama. Kuna shida?"

"Hapana, ni nzuri. Lakini hakuna mtu anaishi hapa."

Emanikor alitaka kucheka, kisha akaona mama hatanii. "Basi nionyeshe watu wangeishi vipi."

Kaltuma alivua viatu, akaingia. Alisogeza kitanda hadi nyuma kabisa. Vibuyu vya maziwa alivitundika upande mmoja, vikubwa chini, vidogo juu, bila kutazama sana, kama mtu anayefunga vifungo vya nguo yake mwenyewe. Aliomba makaa, akaweka vijiti vya kunukia juu yake, akageuza kibuyu kimoja kinywa chini juu ya moshi ili kukifukiza. Nyumba ikajaa harufu tamu, nzito kidogo. Mwanga ulipenya kwenye mikeka kwa vitone vidogo, vikawa vinatembea taratibu juu ya mikono yake.

"Mama yangu alikuwa anakaa pale," alisema, akionyesha mahali pa moto. Emanikor alitazama pale, na kwa muda hakuwa na hakika kwamba hapakuwa na mtu.

Kaltuma aliketi kitandani apumzike kidogo. Alipojilaza, usingizi ukamchukua.

Jeremy, mwelekezi wa tamthilia, alikuja na watu wa kamera. "Mwamshe. Jua linatuacha."

"Tungoje," Emanikor alisema. Kwa miaka sita ya kazi, hakuwahi kumpinga. "Nyumba ni yake leo."

Jeremy alimtazama, akamtazama aliyelala. Kisha akakaa chini, mgongo kwenye gurudumu la gari, na wengine wakakaa. Upepo uliinua kona ya mkeka, ukaushusha. Mbuzi walipita katikati ya nyaya za taa kana kwamba uwanja wote ulikuwa ndoto ya mtu mwingine.

Kaltuma alipoamka, vumbi lilikuwa limegeuka rangi ya asali. Walirekodi kwa mwanga huo, haraka, na Jeremy hakubadilisha hata kibuyu.

Kazi ilipokwisha, Emanikor alisitasita kufungua kamba za kwanza. "Samahani, mama. Lazima tuibomoe."

"Kwa nini unaomba samahani? Nyumba hii ni ya kubomolewa. Unafungua, unapakia kwenye ngamia, unaenda kwenye majani." Alishika upande wa pili wa mkeka. "Ya mama yangu ndiyo haikubomolewa. Tulikuwa tukiishi Gotu. Kiangazi kilimaliza ngamia wote, hakukuwa na wa kuibeba, tukaja mjini kwa miguu. Niligeuka nyuma, nikaiona bado imesimama. Nilikuwa na miaka tisa. Mpaka leo nikiota, iko pale, inatungoja."

Kaltuma alimfundisha Emanikor mpangilio: mikeka kwanza, kisha vibuyu, fito mwisho. Alizifunga fito mwenyewe, akakaza fundo kwa goti, na alipomaliza alikaa juu ya mzigo, akipumua.

"Sasa tumehama," alisema.

Emanikor aliondoa mawe matatu ya moto, akayaweka kando, na wote wawili wakatazama duara tupu ardhini hadi dereva alipowasha gari.