Kangaruu wa Mvua ya Bibi Pascoe

Mimi ni Ambrose, mwana wa Aubrey, mwana wa Bartholomew, mwana wa Cornelius Quilty, aliyefika kando ya Mto Paroo akiwa na shoka, blanketi na neno lake. Cornelius alijenga uzio wa maili mia mbili, na alipozikwa nguzo zake zilikuwa bado zimesimama. Bartholomew aliwinda kangaruu kwa ajili ya ngozi, na wanunuzi walipokea mafurushi yake bila kuyafungua. Baba yangu Aubrey aliwinda kwa ajili ya nyama, na kwa miaka thelathini na minne chumba cha baridi cha kupokelea nyama mjini hakikumrudishia mzoga hata mmoja. Sheria yake ilikuwa risasi moja, kichwani. Asipokuwa na hakika, aliishusha bunduki. Kwa ajili ya watu hao watatu, malango ya ranchi zote za upande wetu yalikuwa wazi kwetu. Ninaandika habari za wiki ambayo mimi, nikiwa kijana wa miaka ishirini na sita, nilikaribia kuyafunga.

Serikali ilikuwa ikitoa lebo kila mwaka kwa idadi iliyopangwa. Kila mzoga ulifungwa lebo yake, na lebo zikiisha, kazi nayo imekwisha. Alasiri baba alikaa kibarazani akinoa visu, chai nyeusi ikichemka katika mkebe, mkate ukiiva majivuni, na sauti ya jiwe la kunolea ikipanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyelala. Nimekunywa chai katika nyumba nyingi tangu hapo, lakini sijaionja tena iliyo na ladha ya moshi wa kuni za mti wa malga kama ile.

Ukame ulikuwa umeingia mwaka wa tatu. Mwezi wa Novemba tufani moja ilipita ikamwaga maji yake yote juu ya ranchi ya Bibi Una Pascoe, katika ukanda wa upana wa maili mbili na urefu wa maili tisa. Majirani waliangaliwa na mawingu tu. Baada ya siku kumi ukanda ule ulikuwa kijani, na kangaruu wakaja. Nilipita pale jua likielekea kuzama, nikaona migongo myekundu na ya kijivu imeinamia majani kama kanisa zima lililopiga magoti.

Mimi nilikuwa nimepata zawadi ya hesabu shuleni kwa masista, na zawadi hiyo ilikuwa haijanitoka kichwani. Nilihesabu maili moja, nikazidisha kwa ukubwa wa ranchi, kisha kwa ukubwa wa wilaya. Nikapata elfu tisini. Nikampigia simu Bibi Pascoe kumweleza.

Laini ile ya simu ilikuwa ya pamoja, ranchi kumi na moja kwenye waya mmoja. Mlio ulikuwa wa mmoja, lakini waliosikiliza walikuwa wote. Kufika kesho yake, wenye ranchi walikuwa wamekubaliana kuiomba serikali lebo za ziada na kukodi wapiga risasi kutoka pwani, waje Jumatatu iliyofuata kufyeka kila kilichosimama kwenye ukanda ule, dume kwa jike.

Baba alizipata habari mjini. Alirudi, akaketi, wala hakugusa chai.

"Elfu tisini umezitoa wapi?"

"Nimehesabu, Baba."

"Wapi?"

"Kwenye ukanda wa Bibi Pascoe."

"Na kwa jirani yetu Tranter umehesabu? Na huko ng'ambo ya mto?"

"Huko hakuna hata jani, Baba. Ningehesabu nini?"

"Basi huko ndiko tutakakokwenda," akasema.

Alfajiri tulikuwa mlangoni kwa Bibi Pascoe. Alikuwa mjane wa miaka sitini na mitatu, mwembamba, mwenye kofia ya marehemu mumewe kichwani na ulimi usiotaka kibali.

"Bwana Quilty, umekuja kuwaombea huruma? Kondoo wangu mia sita wanalamba mawe, na hao wageni wako wamejikalia mezani kwangu wanakula!"

"Sijaja kuomba kitu, Bibi. Nataka uniazime macho yako asubuhi mbili tu."

"Macho yangu mazee. Si unaye kijana? Yake mapya."

"Yake tumeshaiona kazi yake."

Bibi Pascoe alicheka mpaka akakohoa. "Haya, ngojeni nitie chai kwenye chupa. Na wewe mwana hesabu, usikae karibu na keki yangu."

Baba aliendesha pikapu mwendo wa mtu anayetembea. Bibi alitazama kushoto, mimi kulia, kila mmoja na dengu kavu katika mfuko mmoja wa koti. Kwa kila kangaruu aliyeonekana, dengu moja ilihamia mfuko wa pili. Baba alitoa amri moja tu: "Usihesabu unayemdhania. Hesabu yule ambaye masikio yake umeyaona." Tuliianza kazi kulipopambazuka na kuiacha jua lilipokuwa kali, kwa maana baada ya hapo kangaruu hulala vivulini, na mwenye kuhesabu huanza kujidanganya.

Katika ardhi ya Tranter ilikuwa vumbi tupu na mifupa ya ng'ombe.

"Lile ni jiwe, Ambrose," Bibi Pascoe alisema bila kunigeukia.

"Limetikisa sikio, Bibi."

"Basi lifunge lebo ulipeleke mjini!"

Mabega ya baba yalitikisika kwa kicheko. Asubuhi ya pili tulivuka mto. Tulipomaliza tulikuwa tumekwenda maili arobaini na moja. Bibi aliingiza mkono mfukoni, akazimimina dengu zake kiganjani. Zilikuwa tisa. Zangu saba.

"Na wote madume wazee," akasema polepole. Mzaha ulikuwa umemtoka. "Majike wako wapi, Aubrey?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita baba kwa jina lake. Alfajiri ya tatu alitupeleka kwenye ukanda wa kijani, na kabla ya kufika lango la kwanza dengu zetu zilikwisha. Mbele yetu walisimama majike wa nchi nzima, mifuko yao ya tumboni imejaa, na hapa na pale kichwa kidogo kikichungulia kwenye tumbo la mama na kung'ata jani lile lile alilong'ata yeye.

"Wote wako kwangu," Bibi alisema.

"Wote, Bibi," baba akamjibu. "Hao watakaopigwa Jumatatu ndio mama wa kila kangaruu tutakayemwona kuanzia hapa mpaka mtoni. Mvua ikinyesha watatawanyika. Wakifa, hakuna wa kutawanyika."

"Na kondoo wangu je? Nao nimewachoka?"

Swali lile lilikuwa la haki, na baba hakulikwepa. Alisema kwamba sisi tungeondoa madume wakubwa, ambao hula kuliko wote, kwa lebo tulizokuwa nazo tu. Kondoo mia sita wangepelekwa kulishwa katika njia ya umma ya kuswagia mifugo, ambayo nyasi zake ni za kila mtu, kusini, mpaka mvua ije.

"Na atakayewatembeza nani? Mimi na goti hili?"

Baba alininyooshea kidole. "Mwenye elfu tisini."

Lakini kwanza ilikuwa simu. Bibi Pascoe alizungusha mkono wa simu kuwaita wote, mlio mrefu ambao kwa kawaida ulimaanisha moto au kifo. Nikasikia vipokezi vya simu vikiinuliwa kimoja baada ya kingine, na pumzi za watu kumi walionijua tangu utotoni. Nilijua kwamba nikilisema neno la kukiri kosa langu, jina nililoachiwa na Cornelius litachekwa kwa kinywa changu mwenyewe. Na nisipolisema, Jumatatu ingefika.

"Ni Ambrose Quilty," nikasema. "Hesabu niliyowapa ni ya uongo. Nilihesabu penye majani tu. Tumekwenda maili arobaini na moja kwenu, tumeona kumi na sita. Majike wote wamekusanyika kwa Bibi Pascoe. Nawaombeni msiwapige."

Kisha sauti ya mzee Tranter: "Kumbe ulihesabu miguu, dogo, ukasahau kugawanya kwa nne!"

Waya mzima ulicheka. Mmoja akaniita Profesa, na jina hilo lilinishika miaka kumi. Walipokwisha kucheka, Tranter akasema kwa sauti nyingine, "Maili ngapi ulisema kwangu?" Nikamwambia. Akauliza, "Na jike hata mmoja hukumwona?" Nikamwambia hata mmoja. "Basi mimi sikodi mtu," akasema, na mmoja mmoja wengine wakasema hivyo.

Nilitembea na kondoo wale wiki kumi na moja, kwa mbwa wawili na farasi mmoja aliyenichukia. Walikufa kumi na wanne, na Bibi Pascoe aliniuliza habari za kila mmoja wao. Machi mvua ilinyesha kila mahali. Niliporudi, ukanda wake ulikuwa mtupu, na kutoka Tranter mpaka ng'ambo ya mto kulikuwa na kangaruu wawili hapa, watano pale, wametulia katika nchi yao. Baba aliwatazama kutoka kibarazani, akaendelea kunoa kisu. Hakunisifu. Sikuwa nimetenda la kusifiwa.

Sasa nyinyi wajukuu wangu mnahesabu kwa ndege zenye kamera, na idadi inawajia katika kioo kabla hamjapata kiu. Sikatai ndege. Lakini nilimsikia mmoja wenu juzi akisema "wamejaa tele" kwa picha moja ya bwawa moja. Nakuamuru, na wenzako wote wanaobeba jina hili: kabla hujasema ni wengi, nenda kwanza mahali wasipokuwepo, uende kwa miguu yako, na urudi uniambie ulichokiona. Usipofanya hivyo, usiguse bunduki yangu.